Kupata Wagonjwa Wanaolipa Katika Tiba ya Kichina Mjini Lamu

Hatua ya 1: kibao cha mlangoni. Kitaje maumivu manne tu: mgongo, shingo, bega, goti. Kibao kinachoorodhesha kisukari, presha, ugumba na saratani humfukuza mtu anayejua kuuliza, na aliyevutwa na ahadi hiyo atakusema kuanzia Langoni hadi Mkomani. Maumivu hayo manne yamejaa mjini: hamali anayepakua saruji gatini, mvuvi anayevuta nyavu, mshona kofia anayeinama kutwa. Chini yake andika saa za kazi, namba ya simu na bei ya kikao. Bei isiyoandikwa hudhaniwa kubwa.

Hatua ya 2: siku ya kwanza. Hijama, yaani vikombe vinavyonyonya ngozi, watu wanaijua, wazee huita kuumika. Sindano nyembamba zinazochomwa mwilini kutuliza maumivu ndizo zinazotisha. Usizitetee kwa maneno mengi. Fungua pakiti mbele ya macho yake, mwonyeshe kwamba ni za kutumika mara moja, unene wake milimita 0.25, hazina tundu wala dawa ndani. Mazungumzo na uchunguzi wa dakika 15 viwe bure, lakini kikao kilipiwe. Tiba ya bure hujaza baraza wiki moja, na siku ukitaja bei huonekana umepandisha.

Hatua ya 3: makubaliano ya pesa. Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea. Mtu anachomwa mara moja, jioni misuli inamuuma, harudi tena. Mwambie kabla hajalala kitandani: vikao sita, viwili kwa wiki, na maumivu kidogo au uchovu siku ya kwanza ni kawaida. Ikiwa kikao ni shilingi 1,000, usidai 6,000 kwa mpigo; pokea kila kikao kwa M-Pesa na uandike kwenye kadi yake. Kipato cha mvuvi hufuata bahari, na kusi likivuma Juni na Julai vyombo vingi hulala ufuoni. Vikao vinne vikipita bila nafuu yoyote, mwambie ukweli na usimamishe. Huyo ndiye atakayekutetea kwa watu.

Hatua ya 4: wanawake. Wapange saa zao peke yao, pazia zito, mhudumu mwanamke. Aliyehudumiwa kwa sitara huleta dada, wifi na mama mkwe. Muulize kama ana harusi karibuni: alama za vikombe hukaa siku kadhaa, pengine wiki nzima au zaidi.

Ramadhani hamishia vikao baada ya tarawehe. Mwenye njaa huzirai upesi kwa sindano. Akianza kutoka jasho na kupauka uso, chomoa zote, mlaze chali, inua miguu yake.

Hatua ya 5: baada ya kikao. Ganzi mapajani, mkojo usiozuilika, au homa pamoja na maumivu ya mgongo: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usipokee hata shilingi. Wengine waombe ruhusa ya kuwapigia simu, kisha piga kesho yake asubuhi, uulize amelalaje.