Tangi la Kwanza la Samaki wa Maji Baridi (Yasiyo na Chumvi): Kuliandaa na Kulitunza

Anayenunua tangi na samaki siku moja mara nyingi hubaki na tangi tupu kabla ya mwezi kuisha. Wengi huulaumu ugonjwa, au humlaumu muuzaji kwa kuwapa samaki dhaifu, ilhali kinachoua katika wiki za mwanzo ni amonia ambayo samaki wenyewe huitoa, na ambayo tangi jipya, hata liwe safi namna gani, halijapata bakteria wa kuiondoa. Kwa sababu hiyo, sehemu nzima ya mwongozo huu inahusu kipindi ambacho tangi hukaa na maji, taa na kichujio, lakini bila samaki hata mmoja.

Tangi, mahali pake na vifaa

Tangi dogo huonekana rahisi kulitunza, na hapo ndipo wanaoanza hukosea. Katika lita 10 za maji, samaki mmoja aliyekufa usiku au chakula kilichozidi kidogo huweza kuyaharibu maji yote kabla ya mapambazuko. Katika lita 60 au 100, sumu ileile huzimuliwa, na mtunzaji hupata muda wa kuligundua kosa na kulirekebisha. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30 lina ujazo wa lita 54, na kwa maoni yangu anayeanza asishuke chini ya hapo. Bakuli la duara, pamoja na kupendeza kwake pichani, halifai: ni dogo, halina nafasi ya kichujio, na linapojazwa hadi karibu na mdomo, uso wa maji unaoingiza oksijeni huwa mwembamba mno.

Fanya hesabu ya uzito kabla ya kuchagua mahali. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 100, ukijumlisha kioo, changarawe na mawe, hupita kilo 120 bila shida. Mzigo huo unahitaji stendi imara iliyopimwa kwa pimamaji, kwa kuwa tangi lililoinama huelemea upande mmoja na hatimaye viungo vyake vya silikoni huachia. Lisiwekwe mahali linapopigwa na jua moja kwa moja, kwani jua hulipasha joto kupita kiasi na kuchochea mwani. Kila waya uachwe uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenda kuchomekwa, ili tone linaloteremka kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Kisha ulijaze maji na kuliacha siku nzima ili kuona kama linavuja. Tangi lenye maji lisisogezwe kamwe, hata kwa sentimita chache.

Kifaa cha lazima kuliko vyote ni kichujio. Kwa tangi dogo, kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa kinatosha kabisa. Ukichagua cha mota, tafuta chenye uwezo wa kuzungusha maji yote ya tangi takriban mara nne kwa saa. Samaki wengi wa nchi za joto hustawi katika nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi, kwa hiyo chumba kinachopoa kitahitaji hita. Kadirio la kawaida ni wati 1 kwa kila lita. Ongeza kipimajoto, taa, mfuniko (samaki huruka zaidi ya watu wanavyodhani), ndoo isiyowahi kuguswa na sabuni na mpira wa kunyonyea maji. Nunua pia vipimo vya maji vya matone, vinavyoonyesha amonia, nitriti, nitrati na pH (kiwango cha uasidi wa maji). Ikiwa fedha hazitoshi, punguza mapambo, usipunguze vipimo.

Changarawe ioshwe kwa maji matupu hadi maji yatoke meupe, kisha itandazwe kwa kina cha sentimita 4 au 5. Jiwe lolote lililookotwa lijaribiwe kwa kudondoshewa siki: likitoa mapovu, lina chokaa, nalo litaongeza ugumu wa maji, yaani madini yaliyoyeyuka ndani yake, na kuipandisha pH. Mimea hai nayo si anasa, kwa kuwa hula amonia na nitrati na kuwapa samaki maficho. Anubiasi na kangaga la Java huvumilia mwanga hafifu na mikono isiyo na uzoefu. Yafungwe kwenye jiwe au gogo kwa uzi, wala shina lao linene lisizikwe kwenye changarawe, kwani litaoza.

Maji ya bomba yana klorini, ambayo huua bakteria wanaohitajika na kuchoma matamvua ya samaki. Klorini huondoka yenyewe maji yakiachwa wazi siku moja au mbili. Baadhi ya mamlaka za maji, hata hivyo, hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa kusubiri, hivyo njia ya hakika ni dawa ya kutibu maji ya tangi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Unapojaza, weka sahani juu ya changarawe na kumimina maji juu yake ili usiifukue.

Wiki za kusubiri

Samaki hutoa amonia hasa kupitia matamvua, na chakula kinachooza pamoja na majani yaliyokufa huiongeza. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria, wakiwemo wa jenasi ya Nitrosomonas, huibadili amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwa kuwa huingia kwenye damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni. Kundi la pili, wakiwemo Nitrospira, huibadili nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi, na ambayo hupunguzwa na mimea na kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huishi wakiwa wamejishikiza kwenye sponji, changarawe na kioo, na ndani ya maji yenyewe ni wachache sana. Ndiyo maana kuyaacha maji yakae tu mwezi mzima, bila kitu cha kuwalisha, hakulikomazi tangi.

Ili kuwalisha, tumia mmumunyo wa amonia usio na manukato wala sabuni, na uongeze kidogo kidogo hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Asiyeupata anaweza kutia chakula kidogo cha samaki kila siku na kukiacha kioze, ingawa njia hiyo huchafua na ni vigumu kujua kiasi cha amonia kinachotoka. Acha kichujio kikifanya kazi usiku na mchana, na maji yawe na joto la nyuzi 26 hadi 28, kwani bakteria huongezeka haraka zaidi katika joto hilo.

Kisha upime kila baada ya siku mbili au tatu na kuandika matokeo. Mwanzoni amonia haitatikisika, na wengi hukata tamaa hapo. Baadaye itaanza kushuka huku nitriti ikipanda, na kila amonia inapokaribia sifuri utaiongeza tena ili bakteria wasife njaa. Awamu ya nitriti ndiyo inayochosha zaidi, kwa sababu kipimo huweza kubaki kileile siku nyingi, kisha kikaporomoka ghafla. Maji yakigeuka meupe kama ukungu katika siku za mwanzo, usiyamwage wala usitie dawa. Hao ni bakteria wa aina nyingine wanaoongezeka kwa muda, na hali hiyo hupita yenyewe.

Tangi huwa tayari pale unapotia amonia ya miligramu 2 kwa lita na baada ya saa 24 ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, huku nitrati ikiwa imepanda. Kwa kawaida hilo huchukua wiki 4 hadi 6. Njia ya kweli ya kuufupisha muda huo ni kupata sponji iliyotumika kutoka tangi lenye afya na kuiweka ndani ya kichujio chako ikiwa bado mbichi. Bakteria wa chupa husaidia wakati mwingine na wakati mwingine hawasaidii, kwa hiyo hata ukiwatumia, hukumu ibaki kwa vipimo. Siku moja kabla ya kuleta samaki, badilisha sehemu kubwa ya maji ili kuipunguza nitrati iliyokusanyika.

Kuchagua samaki na kuwaingiza

Chagua samaki wanaofaa maji uliyonayo, badala ya kuhangaika kila wiki kuyageuza maji yawafae samaki uliowapenda. Maji magumu yenye pH inayozidi 7 huwafaa gapi na plati. Maji laini huwafaa zaidi tetra wa neoni. Danio milia na koridora huvumilia hali nyingi. Tetra, danio na koridora ni samaki wa kundi, nao wakiwa chini ya sita hujificha au kusumbuana. Gapi na plati huzaa watoto hai takriban kila mwezi, na jike huweza kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa baada ya kutengwa na dume, kwa hiyo asiyetaka tangi kufurika anunue madume peke yake. Beta dume hapaswi kuwekwa na dume mwenzake.

Wapo wawili wanaouzwa wakiwa wadogo na kuwahadaa wengi. Samaki wa dhahabu hukua kupita sentimita 20, hutoa uchafu mwingi na hupendelea maji ya baridi zaidi. Pleko wa kawaida, anayesifiwa kwa kula mwani, hupita sentimita 30. Hakuna hata mmoja kati yao anayestahili kuwekwa kwenye lita 54.

Anza na samaki wadogo watano au sita, subiri wiki mbili ukiendelea kupima, kisha uongeze wengine. Mfuko waliokuja nao uelee tangini dakika 15 hadi 20 taa ikiwa imezimwa, ongeza humo maji ya tangi kidogo kidogo, halafu uwahamishe kwa wavu na kuyamwaga nje maji ya mfuko. Mara tangi linapokuwa na wakazi, wageni watengwe kwanza wiki mbili hadi nne katika chombo kingine chenye kichujio cha sponji. Wengi hulipuuza jambo hili hadi ugonjwa wa madoa meupe utakapowafundisha. Madoa hayo, yaliyo kama chembe za chumvi mwilini mwa samaki, husababishwa na kimelea Ichthyophthirius multifiliis, na dawa humuua anapokuwa akiogelea huru majini tu, si anapokuwa ndani ya ngozi. Dawa iendelezwe hadi mwisho wa maelekezo, hata kama madoa yametoweka.

Matunzo

Kila siku wahesabu samaki, tazama joto, na uwalishe mara moja au mbili kiasi wanachokimaliza ndani ya dakika mbili. Taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku. Mwani ukizidi, punguza saa za taa na chakula kabla ya kufikiria dawa.

Kila wiki badilisha takriban robo ya maji. Chomoa hita kwanza, kwani ikiachwa nje ya maji ikiwa moto huweza kupasuka. Pitisha mpira wa kunyonyea juu ya changarawe ili uondoe uchafu uliotuama, kisha urudishe maji yaliyotibiwa yenye joto linalokaribiana na lile la tangi. Kujazia maji yaliyopotea kwa mvuke hakuhesabiwi kuwa ni kubadilisha, kwa sababu mvuke huondoka peke yake na kuacha nyuma nitrati na madini yanayozidi kujikusanya. Nitrati ikipita miligramu 40 kwa lita, ongeza kiasi unachobadilisha au upunguze samaki.

Sponji ya kichujio isioshwe bombani. Ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, na pale tu mtiririko unapopungua; kuiosha kwa maji yenye klorini, au kuitupa na kuweka mpya, ni kulirudisha tangi kwenye wiki yake ya kwanza. Ukiwaona samaki wakihema juu ya maji, pima amonia na nitriti papo hapo, badilisha nusu ya maji na uongeze hewa, ndipo utafute chanzo. Samaki usioweza tena kuwatunza wapewe mtunzaji mwingine au warudishwe dukani. Wao, mimea yao na maji yao visimwagwe mtoni wala ziwani, kwa kuwa spishi ngeni na magonjwa yake huenea kwa njia hiyohiyo.

Ukisafiri, samaki wazima wenye afya huweza kukaa siku kadhaa, hata wiki moja, bila kula. Badilisha maji siku moja au mbili kabla ya kuondoka, ufunge taa kwenye saa ya kujizima, na ukimwachia mtu kazi ya kulisha, mpimie chakula cha kila siku katika karatasi ndogo zilizokunjwa na kulificha kopo.