Kichwa hakitulii? Anza na mwili: hatua ninazowafundisha watu Moshi

Mi nafanya fiziotherapia hapa Moshi, na wengi wanaokuja wanasema shingo inauma, mabega yamekaza, taya linabana, ukiwadadisi kidogo unakuta usiku hawalali wanawaza. Kipindi cha masika ndo balaa, watalii hakuna, waongoza watalii na wapagazi wako nyumbani alafu marejesho ya kikoba yako palepale. Mtu anakwambia nimejikaza nisiwaze lakini wapi. Sasa hapo unabishana na kichwa wakati mwili bado umeshtuka: moyo unaenda mbio, pumzi fupifupi za juu, misuli imekaza, na ubongo ukizisoma hizo dalili unaona kuna hatari kwahiyo unazidi kuitafuta, ndo mawazo yanazunguka hayaishi. Tunaanzia kwenye mwili.

Ila kabla ya yote. Kama kifua kimeanza kubana ghafla, maumivu yanaenda mkononi au kwenye taya, kijasho chembamba, pumzi haitoshi, acha mazoezi nenda hospitali wakupime moyo. Na kama mawazo yamefika pa kutaka kujidhuru mwambie mtu leoleo na uende hospitali, usikae nayo mwenyewe. Hospitali ya KCMC hapa Moshi wana idara ya afya ya akili, kwenda kule sio uchizi jamani.

Hatua ya 1: Miguu chini

Kaa kwenye stuli au kiti kigumu, sio kochi la kuzama. Vua viatu. Kandamiza nyayo zote mbili sakafuni, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kadhaa. Alafu geuza shingo taratibu uangalie chumba kilivyo, mlango uko wapi, dirisha, ndoo ya maji, usikimbize macho. Kama uko nje na Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, imefunguka iangalie kidogo, macho yaliyoshinda kwenye simu yanapumzika yakitazama mbali. Hii ya nyayo unaifanya hata kwenye daladala umebanwa na hakuna atakayejua.

Hatua ya 2: Pumzi (hapa tutakaa)

Mama mmoja anauza mitumba Mbuyuni aliniambia, "Dokta, mi nikivuta pumzi ndo nazidi kuogopa." Nikamwangalia anavyofanya, nikamwambia mama, wewe unavuta tu, hutoi. Na ndo wengi walivyo, wameambiwa vuta pumzi ndefu basi wanavuta makubwa makubwa haraka haraka, kabonidayoksaidi inapungua mwilini, kizunguzungu kinakuja, vidole na midomo vinakufa ganzi, wanadhani wanakufa.

Kwahiyo legeza kwanza mkanda au kanga uliyojikaza tumboni. Mkono mmoja uweke tumboni, mwingine kifuani, wa kifuani usinyanyuke sana. Vuta kwa pua kawaida tu, kabla hujatoa ongeza ka pumzi kengine kadogo juu yake, alafu toa kwa mdomo polepole, kama unapuliza mkaa na hutaki majivu yaruke. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Usilazimishe mpaka tumbo liume, ukiona kizunguzungu rudi kwenye pumzi yako ya kawaida.

Chuo kikuu cha Stanford kule Marekani waliupima mtindo huu, matokeo yakatoka 2023, watu walifanya dakika 5 kila siku kwa mwezi. Wasiwasi ulipungua hata kwa wale waliokaa wakatafakari tu, ila hawa wa kutoa pumzi ndefu walichangamka zaidi. Sababu sio uchawi, moyo huongeza kasi kidogo ukivuta na kuipunguza ukitoa, kazi ya mshipa wa fahamu unaoitwa vagasi, kwahiyo ukirefusha kutoa unaupa moyo muda wa kupoa.

Hupendi kuhesabu? Vuma na mdomo umefungwa, ile mmmm ya bezi, wanakwaya mnaijua. Pumzi inatoka ndefu yenyewe.

Hatua ya 3: Kaza, achia

Hapo unaposoma meno yako yamegusana? Yaachanishe. Midomo ifungwe, meno yasigusane, ulimi ulale nyuma ya meno ya juu. Hiyo peke yake kuna watu shingo zao zinalegea nawaona.

Kukaza na kulegeza misuli kulianzishwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, karibu miaka 100 iliyopita. Kunja ngumi nusu ya nguvu zako, sekunde 5, achia sekunde 15 hivi usikilize tofauti. Alafu mabega yapande masikioni, achia. Uso, tumbo, mapaja, vidole vya miguu. Penye jeraha au maumivu ruka. Watu wanaharakisha sehemu ya kuachia na dawa yenyewe iko hapohapo.

Hatua ya 4: Mikono kifuani

Vuka mikono, viganja chini kidogo ya mabega, gonga taratibu kushoto, kulia, kushoto, kulia, dakika moja au mbili. Ilianza Meksiko, Lucina Artigas aliitumia kwa watu walionusurika na kimbunga Pauline kilichopiga mji wa Acapulco 1997. Wanaume hapa huwa wanaicheka, sawa, fanya ukiwa umejifungia. Ikikukera acha, sio lazima kila kitu kikufae.

Ukiamka saa tisa usiku

Simu usiguse, hata kuangalia saa. Lala ubavu, toa pumzi ndefu kadhaa, legeza taya. Ukiona kama dakika 20 zimepita na usingizi hakuna, toka kitandani ukae sehemu yenye mwanga hafifu, nyayo chini, urudi ukisinzia. Kitambaa cha maji baridi usoni kinasaidia moyo ukidunda sana, na maji ya huku mwezi wa saba hayahitaji friji, ila mwenye tatizo la moyo aulize daktari wake kwanza.

Fanya haya mchana pia ukiwa umetulia, mwili uzoee, usisubiri mpaka hali iwe mbaya. Na kahawa mwisho saa sita mchana, maana masaa matano baadaye karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini. Hapo ndo wateja wangu wa Kibosho, kule kwenye mashamba ya kahawa, wananinunia.