Somo: Kujua ulipo ndani ya nyumba kwa taa tatu za LED

Ukiingia chini ya paa, GPS haiaminiki tena. Taa ziko palepale darini. Ndiyo maana mwaka 2015 duka kubwa la Carrefour mjini Lille, Ufaransa, liliwekewa taa za Philips zilizoielekeza simu ya mteja mpaka kwenye rafu. Msingi wake tunaweza kuujaribu chumbani.

1. Funga darini LED tatu za wati 1 zisizo na lenzi, pembe ya mwanga nyuzi 120, zote zikitazama chini. Shusha timazi kutoka kila taa, tia alama ya chaki sakafuni.

2. Zifanye zimetemete kwa transista na Arduino (kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa), kila taa kwa masafa yake: 1050, 1250 na 1450 hezi, yaani mara kwa sekunde. Jicho halitaona. Katika programu tumia micros(), saa ya ndani ya Arduino, kwani amri ya tone() hutoa masafa mamoja tu kwa wakati.

3. Kipokezi ni fotodayodi BPW34 (kijidude kinachogeuza mwanga kuwa umeme) na rezista kwenye Arduino ya pili, ikitazama juu. Kanuni ya Goertzel, hesabu inayopima ukubwa wa wimbi la masafa unayoyataka, itakutenganishia taa zote tatu, kila moja na namba yake.

4. Hapa msikimbie. Laza kipokezi kwenye alama ya chaki ya taa moja, soma namba ya taa hiyo, tuseme 800. Kisogeze, sasa inasoma 328. Gawanya 800 kwa 328, kisha bonyeza kipeuo cha pili (√) kwenye kikokotoo mara mbili: 1.25. Zidisha kwa kimo cha taa, mita 2. Umbali hadi taa ni mita 2.5, na kwa Pythagoras, hadi alama ni mita 1.5. Tumieni ukubwa wa wimbi, si mraba wake. Mraba utawapeleka mbali mno.

5. Chora duara kwa kamba ya mita 1.5 na chaki, kitovu chake kikiwa alama ya taa hiyo. Fanya hivyo kwa taa zote. Maduara yanapokutana ndipo kipokezi kilipo.

MASWALI

Mwalimu, kwa nini isiwe 1000 kamili?
Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo balbu za kawaida humeta mara 100 kwa sekunde, na vigawe vya 100 huleta kelele kwenye 1000, 1100, 1200. Tunapita katikati.

Mchana namba zangu zinaganda.
Jua limeshibisha fotodayodi, ndugu yangu. Weka rezista ndogo zaidi, au shusha pazia.

Inaweza kutambua mtu akipita?
Ndiyo. Acha kipokezi kimetulia. Namba ya taa moja ikishuka ghafla na nyingine zisitikisike, kuna mtu amekatiza kati ya taa hiyo na kipokezi.