Kupiga Kura na Kuandika Kumbukumbu katika Vikao vya Bodi ya Shule

Bodi moja ya shule niliyoitumikia kama katibu ilipitisha kwa kauli moja ununuzi wa madawati, nami nikaandika katika daftari kwamba bodi imeridhia madawati yanunuliwe. Miezi mitatu baadaye mwalimu mkuu akauliza ni madawati mangapi, mweka hazina akauliza fedha zitoke katika fungu lipi, na wajumbe wale wale walioinua mikono siku ile wakatoa majibu matatu tofauti, kila mmoja akiwa na hakika kwamba lake ndilo lililopitishwa. Hapakuwa na mwongo kati yao. Tulikuwa tumepigia kura wazo ambalo halikuwa na maneno, na kila mmoja akaondoka na maneno yake kichwani.

Tangu hapo nimeshika kanuni moja, na karibu yote yaliyomo katika mwongozo huu yanatokana nayo: hoja iandikwe, isomwe kwa sauti, ndipo ipigiwe kura, na maneno yaliyosomwa ndiyo yaingie katika kumbukumbu kama yalivyo. Kura na kumbukumbu ni kazi moja inayofanywa na watu wawili, mwenyekiti na katibu, na mmoja wao akilegea kazi ya mwenzake inaharibika.

Kabla ya kikao

Katibu azipitie kanuni zilizoiunda bodi, kwa kuwa ndizo zenye kauli ya mwisho, na aandike pembeni majibu ya maswali manne: akidi ni wajumbe wangapi, uamuzi wa kawaida unahitaji wingi gani, ni mambo gani yanayohitaji wingi mkubwa zaidi, na je, mwenyekiti anayo kura ya uamuzi pale kura zinapolingana. Majibu hayo yawe mezani siku ya kikao. Kuyatafuta wakati wajumbe wamekwisha kugawanyika ni hatari, maana kila upande utaisoma kanuni kwa jicho la kutaka kushinda.

Ajenda nayo ioneshe ni jambo lipi linaletwa kwa uamuzi na lipi ni la taarifa tu. Mjumbe anayejua kwamba atapiga kura husoma makabrasha yake kwa namna tofauti na yule anayedhani anakuja kusikiliza, na si haki kumshtukiza.

Akidi

Akidi, ambayo wengine huiita koramu, ni idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili uamuzi uwe halali. Bodi yenye nafasi 11 ambayo kanuni zake zinadai zaidi ya nusu inahitaji wajumbe 6. Wakiwapo 5 wanaweza kuzungumza mpaka jua lizame, lakini hawawezi kuamua lolote kwa niaba ya bodi. Utata huja pale nafasi mbili zinapokuwa wazi. Ukihesabu kwa nafasi zote 11, akidi ni 6; ukihesabu kwa wajumbe 9 waliopo madarakani, akidi ni 5. Tofauti hiyo ya mtu mmoja inaweza kubatilisha kikao kizima, kwa hiyo bodi ambayo kanuni zake ziko kimya juu ya jambo hili ifanye uamuzi mapema, siku ambayo hakuna ugomvi.

Waalikwa hawahesabiwi, na mtendaji anayehudhuria kama katibu asiye na kura hahesabiwi pia. Zaidi ya hayo, akidi ya saa 4:00 asubuhi, kikao kilipofunguliwa, si lazima iwepo saa 7:00 mchana. Katibu aandike saa ambayo kila mjumbe ameingia kwa kuchelewa au ametoka mapema, na kabla ya kila kura atupe macho mezani na kuhesabu upya. Akidi ikivunjika amjulishe mwenyekiti papo hapo, bila aibu wala kusubiri aulizwe.

Kuiweka hoja katika maneno

Mjadala ukianza kuiva, mwenyekiti amwombe mjumbe mmoja aitoe hoja na mwingine aiunge mkono. Hoja nzuri inajibu nani afanye nini, kwa kiasi gani, kwa fedha za fungu lipi na kufikia lini. Katibu aiandike, kisha aisome polepole na kumuuliza mtoa hoja kama ndivyo alivyokusudia. Zoezi hili linachukua dakika mbili, na mara nyingi ndani ya dakika hizo ndimo wajumbe wanapogundua kwamba hawakuwa wakizungumzia kitu kimoja.

Hoja inaweza kurekebishwa, na hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Tuseme hoja ya awali inataka madawati 60, na mjumbe mwingine anapendekeza yawe 40. Bodi inapigia kura marekebisho kwanza: je, 60 ibadilishwe kuwa 40? Marekebisho yakipita, kilichoamuliwa ni maneno ya hoja tu, na hakuna dawati hata moja lililoidhinishwa. Inabaki kura ya pili, ya kuikubali au kuikataa hoja yenyewe kama ilivyorekebishwa. Vikao vingi huishia kwenye ile kura ya kwanza, watu wakapumua na kuhamia ajenda inayofuata, na hapo katibu ana wajibu wa kunyosha mkono na kusema kwamba hoja bado haijaamuliwa.

Namna ya kupiga kura

Kura ya sauti inafaa kwa mambo mepesi yasiyo na ubishi, kama kuithibitisha ajenda. Kwa mambo mengine, kura ya mikono ndiyo ya kawaida, na mwenyekiti aulize maswali yote matatu kwa mpangilio: wanaokubali, wanaopinga, wasioegemea upande wowote. Asiridhike na kuuliza tu kama kuna anayepinga, kisha ukimya ukachukuliwa kuwa ndiyo. Mjumbe aliyekaa kimya anaweza kuwa bado anafikiri, au anaogopa. Hesabu tatu zikijumlishwa ni lazima zilingane na idadi ya wajumbe wenye kura waliomo chumbani. Zisipolingana, kura irudiwe hapo hapo.

Pale ambapo wajumbe wengine wanashiriki kwa simu au kwa video, mikono haionekani vizuri, na njia ya uhakika ni kuita majina, kila mmoja akajibu kwa sauti na jibu lake likaandikwa. Kuita majina kunafaa pia pale umma unapokuwa na haki ya kujua msimamo wa kila mjumbe.

Kura ya siri itunzwe kwa ajili ya uamuzi unaowahusu watu, kama kumchagua mwenyekiti. Karatasi ziwe za aina moja, wahesabuji wawe wawili na wasiwe wagombea, na kabla ya kuhesabu majina wahesabu kwanza karatasi zenyewe: wapiga kura 9 hawawezi kutoa karatasi 10. Karatasi zilizoharibika zitajwe katika matokeo, na zote zifungwe katika bahasha mpaka kumbukumbu zitakapothibitishwa.

Kuhesabu wingi

Sehemu hii ndiyo ninayoomba isomwe mara mbili. Wajumbe 9 wapo; 4 wanasema ndiyo, 3 wanasema hapana, 2 hawaegemei upande. Je, hoja imepita? Kama kanuni zinasema wingi wa kura zilizopigwa, kura ni 7, wingi ni 4, nayo imepita. Kama zinasema wingi wa wajumbe waliohudhuria, wingi wa 9 ni 5, nayo imeanguka. Mikono ni ile ile, matokeo ni kinyume kabisa, na kilichotofautiana ni maneno machache katika kanuni. Chini ya utaratibu wa pili, mjumbe asiyeegemea upande ana athari ile ile ya aliyepinga, hata kama hakukusudia, na ni vyema mwenyekiti akawaeleza wajumbe hivyo kabla hawajainua mikono.

Theluthi mbili nazo zina mtego wake. Theluthi mbili ya wajumbe 11 ni 7 na sehemu ya tatu, na kwa kuwa hakuna theluthi ya mtu, wanaohitajika ni 8. Wajumbe 7 hawafiki.

Kura zikilingana, hoja imeanguka, kwa sababu haikupata wingi, isipokuwa kama kanuni zinampa mwenyekiti kura ya uamuzi. Kuhusu namna ya kuitumia kura hiyo, lipo jambo la kujifunza kwa Spika wa Bunge la Uingereza, John Evelyn Denison, ambaye mwaka 1867 aliweka msimamo kwamba uamuzi mkubwa usipitishwe ila na wingi wa wajumbe wenyewe, hivyo kura ya Spika isitumike kuunda wingi ambao haukuwepo. Mwenyekiti wa bodi ya shule hafungwi na desturi ya bunge hilo, lakini naona ni msimamo wa busara: penye mgawanyiko wa nusu kwa nusu, mambo yabaki yalivyo mpaka bodi itakapokuwa na la kusema kwa uwazi zaidi.

Mjumbe mwenye masilahi katika jambo linaloamuliwa, kwa mfano ndugu yake ameomba zabuni, ayatangaze kabla ya mjadala na atoke nje. Kumbukumbu zioneshe kwamba ametangaza, saa aliyotoka na saa aliyorudi. Katibu akumbuke pia kuangalia kama kutoka kwake hakujavunja akidi.

Kumbukumbu zenyewe

Sehemu za mwanzo na mwisho hazina ugumu: jina la bodi na namba ya kikao, tarehe, mahali, saa, waliohudhuria, waliotoa udhuru, wasiohudhuria bila taarifa, waalikwa, kuthibitisha kumbukumbu zilizopita, yatokanayo (yaani mambo yanayofuatiliwa kutoka vikao vilivyopita), ajenda moja moja kwa namba, mengineyo, kufunga. Ugumu uko katika kuuandika uamuzi. Ule uamuzi wa madawati, kama ningeuandika leo, ungekuwa hivi:

KUM. 5/3: UNUNUZI WA MADAWATI
Hoja: Kwamba shule inunue madawati 40 ya kukaliwa na wanafunzi wawili wawili kwa ajili ya darasa la kwanza na la pili, kwa fedha za fungu la samani, na ununuzi ukamilike kabla ya muhula wa pili kuanza.
Mtoa hoja: (jina). Aliyeiunga mkono: (jina).
Kura (mikono): wenye haki ya kura waliokuwapo 9, ndiyo 6, hapana 2, wasioegemea upande 1.
Matokeo: Hoja imepita.
Utekelezaji: Mwalimu mkuu, atakayetoa taarifa katika kikao kijacho.

Kabla ya maneno hayo zinatosha aya mbili au tatu za maelezo zinazoonesha sababu zilizotolewa na njia nyingine zilizofikiriwa. Nani alisema nini hakuhitajiki, wala nani alipandisha sauti. Lakini mjumbe aliyepinga akiomba jina lake liandikwe kwamba alipinga, aandikwe bila ubishi, kwa kuwa siku moja anaweza kuhitaji kuthibitisha msimamo wake.

Vitenzi vichaguliwe kwa uangalifu. «Bodi ilipokea taarifa» hakumaanishi kwamba imeikubali. «Bodi iliagiza» kunamtaka mtu afanye jambo. «Bodi iliamua» kutumike tu pale ambapo kura imepigwa au mwenyekiti ametangaza kwamba hakuna pingamizi na hakuna aliyepinga. Nawasihi makatibu waliache kabisa lile neno «kimsingi». Kumbukumbu zinazosema kwamba bodi ilikubaliana kimsingi zinaficha ukweli kwamba haikukubaliana, na atakayeumia ni mtekelezaji.

Masuala ya nidhamu au afya ya mwanafunzi yajadiliwe katika kikao cha faragha, na kumbukumbu zake ziwe katika jalada la peke yake, mtoto akitajwa kwa namba. Daftari la bodi husomwa na watu wengi, na mtoto atakuja kuwa mtu mzima huku karatasi zile zikiwa bado zipo.

Baada ya kikao

Rasimu iandikwe ndani ya siku mbili, wakati sauti bado ziko masikioni, kisha mwenyekiti aipitie. Anaweza kusahihisha jina au tarakimu; hana mamlaka ya kulainisha uamuzi ambao haukumpendeza. Kama kikao kilirekodiwa, sauti hiyo imsaidie katibu kuhakiki maneno, lakini haichukui nafasi ya kumbukumbu.

Katika kikao kinachofuata wajumbe wanathibitisha kwamba yaliyoandikwa ndiyo yaliyotokea. Swali ni la usahihi tu. Mjumbe aliyeshindwa mwezi uliopita asiitumie nafasi hii kuufungua mjadala upya, bali kama anataka azimio litenguliwe, alete hoja yake kwa taarifa ya mapema kama kanuni zinavyotaka. Kosa likionekana, likatwe kwa mstari mmoja unaoacha maneno ya awali yasomeke, sahihisho liandikwe juu yake, na mwenyekiti aweke sahihi fupi pembeni. Wino wa kufutia usiguse daftari hilo. Baada ya hapo mwenyekiti na katibu watie sahihi na tarehe, na kila ukurasa uwe na namba yake, ili asitokee mtu wa kuchomoa mmoja au kupachika mwingine.

Kisha azimio lihamie chini ya yatokanayo na lirudi mezani kila kikao, likiwa na jina la mtekelezaji na hatua aliyofikia, hadi itakapoandikwa kwamba madawati 40 yamepokelewa na yamehesabiwa.