Kujifunza Udereva Ukubwani, Kigoma

Anayeanza kujifunza udereva akiwa na miaka 50 asione haya kukaa darasa moja na vijana, ila kwanza apime macho na kupata leseni ya muda ya kujifunzia.

Kwa Kigoma, kazi yenyewe ni mlima. Ukisimama kwenye mwinuko wa kutoka stesheni ya reli kuelekea Mwanga, vuta breki ya mkono, kanyaga klachi hadi mwisho na kuingiza gia ya kwanza, kisha achia klachi polepole huku ukiongeza mafuta kidogo, mpaka usikie muungurumo wa injini ukishuka na pua ya gari ikiinuka. Hapo ndipo unapoachia breki ya mkono, si kabla. Mwalimu akikufokea, badilisha mwalimu. Wakati wa kuteremka usiweke gia huru, bali tumia gia ya pili ili injini izuie mwendo, kwa kuwa breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu.

Usiku, macho ya mtu mzima hukawia kurudi sawa baada ya kumulikwa na taa. Punguza mwendo, utazame ukingo wa kushoto wa barabara.