Somo: Skrini ya bluu kila siku, namna ya kumtafuta mchawi kwenye kompyuta uliyoiunda mwenyewe

Wakuu, kompyuta ya kuunda mwenyewe ina raha yake, lakini ikianza kudondoka na kuleta skrini ya bluu huna mtu mmoja wa kumrudishia. Ubao mama una dhamana yake, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ina yake, pawa saplai (kisanduku cha umeme) ina yake, na kila muuzaji atakwambia kifaa chake ni kizima. Kwa hiyo inabidi umjue mhusika wewe mwenyewe kabla hujaenda kudai chochote.

Yangu ilinisumbua wiki tatu. Nilipiga Windows upya mara mbili, nikanunua kadi ya picha nyingine, na usiku uleule ikaanguka tena. Kumbe tatizo lilikuwa mpangilio mmoja wa RAM ndani ya BIOS, yaani ile programu ya ubao mama inayowaka kabla ya Windows. Ndiyo maana nasisitiza: usinunue kifaa na usipige Windows upya mpaka umemaliza hatua hizi. Badilisha kitu kimoja, ipe mashine siku moja au mbili, andika kilichotokea kwenye daftari, ndipo ugeukie kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mkupuo na ikatulia, hutajua kilichoiponya, na ikirudia unaanza upya.

Hatua ya 1: Izuie isijiwashe yenyewe

Windows huja ikiwa imepangwa kujiwasha upya ikishaanguka, kwa hiyo skrini inapita kabla hujaisoma. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery. Ondoa alama kwenye Automatically restart. Hapohapo hakikisha sehemu ya Write debugging information haijawekwa none. Na kama uliwahi kuzima pagefile (faili la diski ambalo Windows hulitumia kusaidia RAM) ili kuokoa nafasi, iwashe tena kwenye diski ya Windows, maana bila hiyo mashine huenda isihifadhi ripoti ya ajali.

Kwenye Windows 11 iliyosasishwa tangu katikati ya 2025 skrini yenyewe ni nyeusi, si bluu tena. Usidhani ni ugonjwa mwingine.

Hatua ya 2: Soma ilichoandika

Fungua Event Viewer (kumbukumbu za matukio ya Windows), ingia Windows Logs, halafu System. Utakuta kosa la Kernel-Power namba 41, na hapo ndipo wengi hukimbilia kununua pawa saplai. Kosa hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu. Fungua Details, utafute BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika: umeme ulikatika ghafla, mashine iliganda, au ilijizima kwa joto. Ikiwa si 0, jua kwamba namba hiyo imeandikwa kwa desimali, wakati misimbo ya makosa hutajwa kwa heksadesimali. 292 ndiyo 0x124, na 26 ndiyo 0x1A. Kuna watu wametafuta maelezo ya "kosa 292" siku nzima bila kupata kitu kwa sababu hiyo tu.

Kisha nenda folda ya C:\Windows\Minidump. Kila anguko linaacha faili lake humo. Zifungue kwa WinDbg, programu ya kuchambua maanguko, inapatikana bure Microsoft Store, na uandike !analyze -v. Ukitaka njia nyepesi, BlueScreenView inazipanga zote kwenye jedwali moja. Jina utakaloliona sana ni ntoskrnl.exe, na nawaomba msilihukumu. Hicho ni kiini cha Windows. Ndicho kilichopiga yowe baada ya kukuta kitu kimeharibika, na aliyepiga yowe si mwizi.

Faili moja halikwambii mengi. Zipange tano au sita, uangalie zinafanana wapi. Misimbo ikibadilikabadilika, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, na kila mara lawama inaangukia programu tofauti, mshukiwe RAM kwanza. Msimbo ukiwa uleule na faili la .sys lilelile ambalo si la Microsoft, hiyo ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa fulani. Draiva moja mbovu inatosha kabisa: tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, na vifaa vyake vilikuwa vizima. VIDEO_TDR_FAILURE inaelekeza kwenye kadi ya picha au draiva yake. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR inamaanisha vifaa vyenyewe ndivyo vimelalamika, mara nyingi prosesa au volti yake.

Hatua ya 3: RAM, na hapa msiwe na haraka

Boksi la RAM limeandikwa 3600 au 6000. Kasi hiyo haiji yenyewe, unaiwasha kwenye BIOS kwa XMP au EXPO, mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe. Wengi hawajui kwamba hapo mara nyingi umeshaipeleka mashine kasi kuliko ile ambayo mtengenezaji wa prosesa ameihakikishia. RAM yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, ila sehemu ya prosesa inayoiendesha ikashindwa. Basi zima XMP au EXPO, uitumie mashine kama kawaida siku mbili. Ikitulia, umeshampata. Sasisha BIOS, jaribu tena, na ikikataa shusha ngazi moja, mfano kutoka 6000 kwenda 5600. Tofauti hiyo kwenye kazi za kila siku huioni.

Angalia pia sloti. Kwa vipande viwili, ubao mama mwingi wenye sloti nne hutaka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha ubao kitakuthibitishia. Vipande vinne vya DDR5 (kizazi kipya cha RAM) ni mzigo mzito, usitarajie vifike kasi ya viwili. Na pakiti mbili zilizonunuliwa mbalimbali, hata ziwe na jina moja, hazijapimwa pamoja kiwandani.

Sasa kipimo chenyewe. Weka MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye fleshi, iwashe mashine kupitia fleshi hiyo, iache imalize mizunguko minne. Lala, utaisoma asubuhi. Kosa moja tu linatosha kuikataa. Hakuna kosa dogo kwenye RAM. Ukiona kosa huku XMP imezimwa, chomoa vyote, pima kipande kimojakimoja kwenye sloti ileile. Kosa likikifuata kipande, kipande ni kibovu. Kosa likibaki kwenye sloti moja hata ukiweka kipande kizima, toa prosesa uchunguze pini kwa tochi, kwa kuwa pini moja iliyopinda inaua sloti. Hitisinki (kipoza joto cha prosesa) iliyokazwa upande mmoja kuliko mwingine nayo inaweza kuleta dalili hizohizo.

Kwangu kila kipande kilipita kikiwa peke yake. Vikikaa pamoja kwa kasi ya boksi, vinafeli kwenye mzunguko wa tatu. Ningepima kipande kimoja nikaishia hapo, hadi leo ningekuwa natafuta.

Hatua ya 4: Draiva

Ya kadi ya picha iondoe kwa DDU (programu ya kufuta draiva za picha kabisa) ukiwa Safe Mode, hali ya Windows inayowasha vya lazima tu, halafu weka mpya kutoka kwa mtengenezaji. Ya chipset (chipu zinazounganisha vifaa vya ubao mama) ichukue kwenye ukurasa wa ubao mama wako. Ondoa programu za kuendesha taa na feni, nyingi huingiza draiva ndani kabisa ya mfumo na huwa zinagombana zikiwa mbili.

Hatua ya 5: Joto na umeme

Programu ya HWiNFO itakuonyesha joto. Prosesa za sasa zikipata joto sana hupunguza kasi au huzima, kwa hiyo joto peke yake haliko juu kwenye orodha yangu, ila hakikisha ile karatasi ya plastiki chini ya hitisinki uliitoa. Kebo ya prosesa iingie mpaka ilie, na kadi ya picha yenye matundu mawili ya umeme ipewe kebo mbili tofauti. Na tafadhali, msichanganye kebo za pawa saplai moja na nyingine. Upande wa kadi zinafanana, upande wa pawa saplai kila mtengenezaji ana mpangilio wake, na kebo isiyo yake inaweza kuunguza SSD zote kwa sekunde moja.

Hatua ya 6: Diski, kisha Windows

Programu ya CrystalDiskInfo inatosha kuijua afya ya SSD. Ikionyesha tahadhari, nakili mafaili yako kwanza ndipo uendelee. Mwisho kabisa ndipo ufungue Command Prompt kama msimamizi (Run as administrator) uendeshe amri za kutengeneza mafaili ya Windows: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow. Nimeziweka mwisho makusudi: ukiitengeneza Windows huku RAM inakosea, unaandika makosa mapya juu ya ya zamani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, yangu inaanguka ikiwa imetulia tu. Nikicheza gemu saa nne mfululizo haina neno.

Jibu: Ulishusha volti ya prosesa, au uligusa Curve Optimizer (mpangilio wa AMD wa kupunguza volti)? Prosesa ikipumzika hupewa volti ndogo, na ukiwa umeipunguza zaidi inakosa hata ya kusimamia. Rudisha BIOS kwenye hali ya kiwandani, halafu angalia Event Viewer kama kuna WHEA-Logger namba 18, yaani kosa kubwa la vifaa.

Swali: Nina Core i9 ya kizazi cha 13. Magemu yanajifunga na kudai kumbukumbu ya picha imeisha, kisha bluu. RAM imepita.

Jibu: Ndugu, usiguse kadi ya picha. Intel ilikiri mwaka 2024 kwamba baadhi ya prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti kubwa mno na kuchakaa. Weka BIOS yenye mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x12B ya Septemba 2024 au mpya zaidi. Lakini sasisho linakinga tu, iliyokwisha kuharibika haiponi. Intel iliongeza dhamana miaka miwili kwa prosesa hizo, kwa hiyo dai ubadilishiwe.

Swali: Naomba msaada, hata kupiga Windows upya inaganda katikati.

Jibu: Hapo draiva haimo tena. Bakiza kipande kimoja cha RAM, XMP imezimwa, diski moja tu, na ujaribu fleshi nyingine. Ikigoma, badilisha kipande, kisha sloti.

Swali: MemTest86 imepita mizunguko minne, EXPO imewashwa 6000, na bado napata MEMORY_MANAGEMENT. Si ina maana RAM ni nzima?

Jibu: Bado, dada. Wakati wa MemTest86 kadi ya picha imelala, ndani ya kasha kuna ubaridi. Ukicheza, joto la kadi linapanda hadi kwenye RAM. Zima EXPO siku mbili hata kama kipimo kimepita, kisha utupe mrejesho.

Mrejesho: Nimezima siku mbili, kimya. Nimewasha kwa 5600, leo siku ya tano haijaanguka. Awali ilikuwa mara mbili kwa siku.

Jibu: Ibaki hapohapo 5600. Sasa endesha DISM na sfc, maana kwa muda wote ule huenda kuna faili lililoandikwa vibaya. Na nakala za picha na kazi ulizohifadhi kipindi cha maanguko zifungue moja moja uone kama zinafunguka, kabla hujafuta zile za zamani.