Kurudia Kusoma Jamhuri ya Plato: Mwongozo kwa Aliyeipitia Mara Moja

Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, nilimjua kwanza kupitia madesa. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, somo la misingi ya elimu, na zile karatasi tulizopiga kopi steshenari zilikuwa na ukurasa mmoja na nusu juu yake. Humo iliandikwa kwamba, kwa mujibu wa Plato, haki ni maslahi ya mwenye nguvu. Nikakariri, nikajibu mtihani, nikafaulu. Miaka kadhaa baadaye nilipokishika kitabu chenyewe nikakuta maneno hayo ni ya Thrasymachus, mmoja wa wanaozungumza humo, na kwamba Socrates, mwalimu wa Plato na msemaji mkuu wa kitabu, anatumia karibu kitabu chote kuyapinga.

Tangu siku hiyo nimeirudia Jamhuri mara nne, mara mbili kati ya hizo pamoja na walimu wenzangu wachache. Ninachoandika hapa ni kwa ajili ya mtu aliyewahi kuipitia, akabaki na pango, wafalme wanafalsafa na maneno mawili matatu ya mtihani, na sasa anataka kurudi kwa utulivu.

Hatua ya 1: Hakikisha nakala yako ina namba za pembeni

Mwaka 1578 mchapishaji Henri Estienne, ambaye kwa Kilatini aliitwa Stephanus, alitoa Geneva kazi za Plato. Kurasa za chapa ile ndizo zinazotumika mpaka leo duniani kote: namba ya ukurasa, kisha herufi a hadi e. Jamhuri inaanza 327a na kuisha 621d. Ukiwa na namba hizi, mwenzako mwenye tafsiri tofauti anaweza kufungua mstari uleule uliofungua wewe. Faili nyingi za tafsiri ya zamani ya Jowett zinazosambaa kwenye simu hazina namba hizi, na ndiyo sababu huwa siwashauri watu kuanzia hapo, ingawa Kiingereza chake ni kizuri.

Mimi hutumia tafsiri mbili. Ya kusomea ni ya Grube iliyopitiwa upya na Reeve (Hackett, 1992), maana sentensi zake hazichoshi. Ya kukagulia ni ya Paul Shorey, iliyopo bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Perseus, Kigiriki kikiwa hapohapo. Ukibonyeza neno la Kigiriki inakuletea maana yake kwenye kamusi. Haihitaji bando kubwa, ni maandishi tu. Huna haja ya kujua Kigiriki. Unachohitaji ni kujua kwamba mahali fulani watafsiri wawili wametofautiana, kisha usimame hapo.

Hatua ya 2: Wajue watu wa nyumba ile kabla ya kuingia

Hapa ndipo msomaji wa mara ya pili anapomzidi wa mara ya kwanza. Mazungumzo yote yanafanyika nyumbani kwa Polemarchus, bandarini Piraeus. Baba yake, mzee Cephalus, ni mgeni kutoka Syracuse aliyetajirikia Athens. Wapo pia Glaucon na Adeimantus, kaka zake Plato.

Wasomaji wa kwanza wa Plato walijua yaliyoipata familia hii baadaye. Mwaka 404 K.K., Athens ilipokwisha kushindwa na Sparta, watu thelathini walishika madaraka, na kinara wao alikuwa Critias, ndugu wa upande wa mama yake Plato. Waliinyang'anya familia mali, pamoja na kiwanda chao cha ngao, na Polemarchus akaamriwa kunywa sumu bila hata kuambiwa kosa lake. Tunayajua haya kutoka kwa mdogo wake, Lysias, ambaye katika mazungumzo haya ameketi mle ndani bila kusema neno. Mwaka 399 K.K. Socrates naye akanyweshwa sumu, safari hii kwa hukumu ya mahakama ya kidemokrasia.

Sasa rudi 331e umsikilize Polemarchus, kijana mwenye furaha, akieleza kwamba haki ni kuwafaa rafiki na kuwadhuru adui. Kisha umsikilize Socrates akimwambia kwamba mwenye haki hamdhuru mtu yeyote, na Polemarchus akikubali. Kila nikifika hapo huwa naweka kitabu chini kidogo.

Hatua ya 3: Pembeni mwa kila ukurasa, andika anayesema

Herufi moja ya penseli inatosha: S kwa Socrates, G kwa Glaucon, A kwa Adeimantus, T kwa Thrasymachus. Ni kazi ndogo, lakini ingewaokoa wengi na madesa kama yale yangu. Itakuonyesha pia jambo lisiloonekana kwa usomaji wa haraka: hadithi ya pete inayomfanya mchungaji asionekane (359d–360b) inasimuliwa na Glaucon, na anaisimulia kumpa changamoto Socrates, huku mwenyewe akisema kwamba haamini hoja anayoitetea.

Hatua ya 4: Fungua daftari la maneno kwa Kiswahili

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayochukua muda. Nunua kaunta buku. Kila neno zito unalokutana nalo litafutie Kiswahili chake, uandike namba ya ukurasa, na usione taabu kulifuta.

Anza na jina la kitabu. Sisi tukisikia jamhuri tunafikiria nchi isiyo na mfalme, na kumbe ndani mnatakiwa wafalme. Kigiriki ni politeia, yaani namna mji unavyojipanga na kujiendesha. Wanazuoni wa Kiarabu walikiita Kitabu cha Siyasa, na hilo ndilo neno lililotupa sisi siasa.

Kisha lije neno lenyewe kuu, dikaiosune. Ukitumia haki, Kitabu cha Kwanza (Jamhuri ina sehemu kumi ziitwazo vitabu) kinakwenda vizuri sana, kwa sababu Cephalus na mwanawe wanazungumzia kusema kweli, kulipa deni na kumpa mtu haki yake, kama tusemavyo kila siku. Lakini fika 443d. Pale Socrates anasema mtu wa namna hii hupanga kwanza nyumba yake ya ndani, huwa rafiki wa nafsi yake, na huziweka sehemu tatu za nafsi zipatane kama nyuzi za ala ya muziki. Jaribu kuweka haki hapo: haikai. Weka uadilifu: inakaa. Kikundi chetu kilibishana jioni nzima juu ya hilo, na mwisho tukaelewa kwamba ubishi wetu ndio ubishi wa kitabu. Plato ameanza na haki iliyo kati ya mtu na mtu, akaishia na uadilifu ulio ndani ya mtu mmoja, na wapo wasomi wanaomshutumu kwamba amebadilisha mada bila kutoa hoja ya kutosha. Kwa Kigiriki neno ni moja, kwa hiyo mshono hauonekani. Kwa Kiswahili unauona kwa macho.

Neno la tatu ni thumos, sehemu ya kati ya nafsi. Soma 439e. Leontius alikuwa akipanda kutoka Piraeus, akaona maiti za watu waliouawa zimelala karibu na mwenye kutekeleza hukumu. Akatamani kutazama, na papo hapo akajichukia. Akapambana, akafunika uso, mwisho akashindwa. Akakodoa macho, akazikimbilia zile maiti huku akiyaambia macho yake yashibe hiyo mandhari nzuri. Mwalimu mmoja kwenye kikundi akasema, "Jamani, si ndiyo sisi tukikuta ajali barabarani? Unashuka kwenye basi kwenda kuangalia, na huku unajikemea." Sasa kile kinachokemea kinaitwaje? Tulianza na hasira, ikagoma pale Plato anaposema sehemu hiyohiyo ndiyo ipendayo ushindi na heshima (581a–b). Tukajaribu moyo, ukachanganya mambo. Hatimaye mmoja wetu akasema ari. Mwenye ari huona haya, huwaka akidhalilishwa, hupenda kushinda, na anaweza kusimama upande wa akili dhidi ya tamaa. Tangu hapo daftari langu lina akili, ari na tamaa, na Kitabu cha Nane, kinachoeleza jinsi tawala na watu wake wanavyoporomoka hatua kwa hatua, kinasomeka kama habari za watu ninaowafahamu.

Hatua ya 5: Shika rula kabla ya kuingia pangoni

Pango (514a), ule mfano wa wafungwa wanaoona vivuli tu ukutani mpaka mmoja atoke nje juani, linajulikana na wengi. Mfano wa mstari unaolitangulia, 509d, wengi huuruka. Usiuruke. Chora mstari wa sentimita 18. Socrates anataka ukatwe vipande viwili visivyolingana, kisha kila kipande kikatwe tena kwa uwiano uleule. Chukua uwiano wa 2 kwa 1: unapata 12 na 6. Kata tena: 12 inakuwa 8 na 4, 6 inakuwa 4 na 2. Andika kwenye 2 vivuli na taswira za majini; kwenye 4 ya chini, vitu vyenyewe, yaani wanyama, mimea na vilivyotengenezwa; kwenye 4 ya juu, fikra za mwanahisabati; kwenye 8, ufahamu wa asili za vitu.

Umeona? Vipande viwili vya katikati vinalingana, na vitalingana kwa uwiano wowote utakaouchagua. Plato hasemi lolote juu ya hilo, na wasomi hawajakubaliana kama alikusudia. Lakini ukiwa umeuchora kwa mkono wako, swali linakuwa lako pia.

Pangoni kwenyewe, weka alama mahali pawili: 515a, Socrates anaposema wafungwa wale wanafanana na sisi, na 519c–520a, aliyetoka anapoambiwa lazima arudi chini.

Hatua ya 6: Wasaidizi waje baada ya kusoma

Kitabu kwanza, msaidizi baadaye. Ukigeuza utasoma macho ya mwenzako. Katika ensaiklopidia ya falsafa ya Stanford, iliyo bure mtandaoni, kuna makala ya Eric Brown kuhusu maadili na siasa katika Jamhuri. Isome ukimaliza Kitabu cha Nne. Mihadhara mitatu ya Steven Smith wa Yale kuhusu kitabu hiki ni rahisi kufuata, nayo ni bure. Kwa anayetaka kubanwa zaidi, utangulizi wa Julia Annas wa mwaka 1981 haumwonei Plato haya.

Na usimsahau Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu wa zama za kati. Aliandika ufafanuzi wa Jamhuri kwa sababu Siasa ya Aristotle haikumfikia mikononi. Kiarabu chake kimepotea, imebaki tafsiri ya Kiebrania, na kutoka hapo zipo za Kiingereza. Afikapo kwenye Kitabu cha Tano, Plato anapotaka wanawake walinde na watawale mji, Ibn Rushd anailaumu miji ya zama zake kwa kuwafanya wanawake kama mimea, kazi yao kuzaa na kulea tu.

Hatua ya 7: Mwisho usomeni kwa sauti

Ratiba yangu ni wiki kumi na mbili: Kitabu cha Tano na cha Saba hupata wiki mbili mbili, vingine wiki moja moja. Wiki ya mwisho ni ya Kitabu cha Kumi, chenye hadithi ya Er, mtu aliyekufa akarudi kusimulia aliyoyaona (614b), na hiyo tunaisoma kwa sauti kwa zamu, mmoja akichoka anapokea mwingine. Roho za wafu zinachagua maisha ya kurudi nayo duniani. Odysseus, shujaa wa tenzi za Homer, anapata zamu ya mwisho kabisa, na kwa kuwa amechoshwa na kutafuta ukubwa, anazunguka muda mrefu akitafuta maisha ya mtu wa kawaida anayeshughulika na yake, yaliyokuwa yametupwa pembeni na wote (620c). Mkifika hapo, fungua tena 433a, Socrates alipoeleza kwamba haki ni kila mtu kufanya lililo lake, na uandike namba hizo mbili kwenye ukurasa mmoja wa daftari.